Modemu ya ndani ya laptopu: kabla hujagusa settingi, sikiliza laini

Jamani kama una laptopu ya zamani yenye modemu (kile kifaa cha kupiga simu ili uingie intaneti) humo humo ndani na unataka kuiunga na laini ya simu ya mezani, nakuomba usianze kuchokonoa settingi. Mimi nilimaliza siku mbili nafuta draiva (programu inayoiendesha modemu) naweka tena, nafuta naweka, kila nikipiga, Windows inaniletea eror 680, yaani hakuna mlio wa laini, kumbe waya nimeuchomeka kwenye tundu la netiweki! Matundu yanafanana, la simu (RJ-11) ni jembamba na la netiweki (RJ-45) ni pana, sasa plagi ya simu inaingia kote kote ndo maana mtu unapotea.

Kwa hiyo chukua simu ya kawaida, ichomeke kwenye waya ule ule utakaotumia, sikiliza. Ukisikia tuuuu, laini ni nzima.

Halafu hili lishike sana, maana linaua modemu kabisa: usichomeke ovyo kwenye laini za ofisini au hotelini. Modemu inataka laini ya analogi, yaani ya simu ya kawaida, zile za swichibodi (mtambo wa kugawa simu za ndani) ya kidijitali zinaweza kupeleka umeme mwingi kuliko inavyohimili ikaungua, na tundu la ukutani kwa macho huwezi kulitofautisha. Ulizia laini ya faksi iko wapi, maana faksi za kawaida nazo zinatumia analogi.

Hapo sasa ndo uingie kwenye Windows, uiambie iihoji modemu, ikijibu basi draiva iko poa. Kama ili upate laini ya nje lazima ubonyeze 9, andika 9 na koma kabla ya namba, ile koma inaifanya isubiri kama sekunde 2 hivi. Swichibodi ikiwa na mlio wa kukatika katika na modemu inagoma kupiga, toa tiki kwenye kusubiri mlio, au weka X3 (amri ya kuiambia modemu ipige bila kusubiri mlio) kwenye sehemu ya amri za ziada, mimi hiyo ndo iliniokoa.

Spidi ikisoma kilobiti 44 kwa sekunde badala ya 56 usihangaike, laini nyingi ndo zilivyo. Ila ukiona wingu la radi chomoa waya wa simu pia, sio wa umeme tu, radi inapita humo humo.