Jibu: Huzuni inageuka sonona lini?

Dada, umeuliza huzuni inageuka sonona (ugonjwa wa akili unaoitwa depression kwa Kiingereza) lini, na kama lazima umeze dawa. Madaktari huangalia wiki 2 mfululizo, dalili 5 kati ya 9, na mojawapo iwe moyo mzito au kukosa hamu ya mambo uliyoyapenda. Zingine ni kama usingizi kuvurugika, uchovu na kujilaumu.

Jirani yangu hapa Kondele, Kisumu, huuza omena soko la Kibuye. Alipofiwa na mumewe alilia sana, lakini asubuhi alipanga mafungu yake na wateja wakimtania alicheka. Miezi kadhaa baadaye beseni likawa linakaa limefunikwa hadi saa nne, yeye akitazama chini tu. Tukamwita mvivu (nami nilisema hivyo, aibu yangu). Hapo ndipo ilipokuwa sonona.

Dawa si lazima. Ikiwa si kali, tiba ya mazungumzo huweza kutosha, mfano ile ya kurekebisha fikra iliyoanzishwa na Aaron Beck, Marekani, miaka ya 1960. Ukiandikiwa vidonge, subiri wiki kadhaa vifanye kazi, na usiviache ghafla. Lakini ukiwaza kujiua, usihesabu wiki. Nenda hospitali leo, na mtu akusindikize.