Kumgawia mwenzako maktaba ya C++ kwenye Android: usimrushie .so tupu

Mkuu, umeuliza kama inatosha kuwatumia wenzako faili la .so (maktaba iliyokwisha kukompailiwa) wajipange wenyewe. Kwenye simu yako litakubali, kwa wateja ndiko litakakogoma. Mimi kazi hizi ndizo zinazoniweka mjini, na nasimamia AAR, kifurushi cha maktaba za Android.

AAR ni zipu tu. Ndani ya folda ya jni unaweka .so kwa kila aina ya prosesa: arm64-v8a, armeabi-v7a, na x86_64 kwa wenye emuleta. Usiiache armeabi-v7a eti imepitwa na wakati. Google Play ilianza kudai biti 64 Agosti 2019, lakini 32 haikuipiga marufuku, na simu za bei poa zinazoitegemea bado zipo mitaani. Apu ikiwa na maktaba nyingine za 32, inaingia kwenye simu vizuri, kisha inaanguka na UnsatisfiedLinkError (kosa la kukosa maktaba) ikifika kwenye yako.

Kichwa kinauma kwenye libc++_shared.so, maktaba ya msingi ya C++ inayokaa kama faili la pembeni. Tuliwahi kumpa mteja AAR iliyoibeba, naye alishakuwa na maktaba ya kamera yenye faili la jina hilohilo. Gradle, inayojenga apu, ikagoma kwa kukuta faili mbili za jina moja. Wengi hapo wanaweka pickFirst (chukua la kwanza) na kusonga mbele, bila kujua limebaki toleo lipi. Sipendi kabisa dawa hiyo.

Siku hizi mlango wa maktaba nauandika kwa C tupu: namba, pointa, bafa. Hakuna std::string wala exception (kosa linalorushwa la C++) inayovuka mlango huo. Kisha nalinki c++_static, yaani libc++ inamezwa ndani ya .so yangu. Ila angalia, -fvisibility=hidden inaficha simboli (majina ya funksheni) zako tu; za libc++ iliyomezwa ndani zinaweza kubaki wazi, kwa hiyo mpe linka --version-script inayotaja zile chache unazotaka zionekane.

Kama C yako inaita mbinu za Kotlin, weka kanuni za keep (usifute) kwenye consumerProguardFiles. R8, inayopunguza ukubwa wa apu, haioni mwito huo, itazifuta. Wenzako wakiandika C++ pia, washa Prefab ili heda (faili za .h) zisafiri ndani ya AAR humohumo.

Halafu kuna KB 16. Tangu Novemba 2025 Play inadai .so za biti 64 ziendane na kurasa za kumbukumbu za ukubwa huo kwa apu zinazolenga Android 15 kwenda juu. NDK (zana za kukompaili C++ kwa Android) r28 inapanga hivyo yenyewe. Ukiwa na .so ya zamani uliyopewa bila chanzo, mbane aliyeitengeneza aikompaili upya.

Tupia hapa CMakeLists yako (faili la maelekezo ya kujenga maktaba) tuone unalinki nini.