Jicho lipi? Swali lililonirudishia faili

Mstari wangu ulikuwa mmoja: "Jeraha la kope, limeshonwa." Faili likarudi kutoka kwa dada wa misimbo, anayegeuza maelezo yetu kuwa misimbo ya kumbukumbu na malipo, na maswali matatu kwa kalamu nyekundu. Jicho lipi? Limechanika au limetobolewa? Kulikuwa na kitu ndani? Nilikereka, maana kushona nilishona vizuri. Lakini majibu sikuwa nayo, na mgonjwa keshaondoka.

Wanaotumia ICD-10-CM ya Marekani, yaani orodha ya misimbo ya magonjwa na majeraha, hukuta majeraha ya wazi ya kope chini ya S01.1. Tarakimu inayofuata hueleza aina: 1 mchaniko mtupu, 2 mchaniko wenye kitu ndani, 3 na 4 kutobolewa kwa mpangilio uleule, 5 kung'atwa. Baada yake huja upande: 1 kulia, 2 kushoto, na 9 ni aibu yako, yaani hukuusema. Mwishoni kuna herufi. A huwapotosha wengi wakidhani ni hudhurio la kwanza tu. Maana yake ni kwamba jeraha bado linatibiwa. Mgonjwa akija kukaguliwa wakati anapona, ni D.

Sasa kitandani. Usiguse kope kabla hujapima uoni wa kila jicho, kwa sababu nyuma ya kope lililochanika huenda jicho lenyewe limepasuka. Ukishuku hivyo, usilibinye hata kidogo. Weka kinga ngumu juu yake, mwite mtaalamu wa macho, kope lisubiri. Jeraha la jicho lina msimbo wake, S05, kwa hiyo liandike peke yake.

Ukiona mafuta ya manjano yanachungulia, usiyachukulie kama mafuta ya kawaida ya chini ya ngozi: kope halina hayo. Utando wa tundu la jicho umetoboka. Mwambie mgonjwa atazame juu uone kama msuli unaonyanyua kope bado unafanya kazi, kisha andika ulichoona. (Uvimbe ukishajaa, kipimo hiki hakikupi jibu la maana.) Jeraha la kona ya ndani, hasa la kung'atwa na mbwa, lishuku kukata kifereji cha machozi hata kama linaonekana dogo, hilo si la kushona haraka ukamruhusu aende. Chanjo ya pepopunda iulizwe kwa wote.

Kwa wanaotoza kwa CPT, misimbo ya Marekani ya huduma alizofanya daktari, ukingo wa kope ndio unaobadilisha hesabu. Ngozi tupu huhesabiwa kwa sentimita. Ukingo ukihusika ni 67930, au 67935 kama kope limekatika unene wote. Usipoutaja ukingo, umeshona kazi ngumu ukaandika kazi nyepesi.

Siku hizi naandika hivi kabla sijavua glavu: "Kope la juu, kulia. Mchaniko wa sentimita 1.5, unene wote, ukingo umehusika, hakuna kitu ndani. Kifereji kizima. Uoni umepimwa macho yote mawili." Dada wa misimbo hajanirudishia tena.