Moshi wa kiwanda cha jirani: uanzie wapi?

Dada, unasema kiwanda cha kuyeyusha plastiki nyuma ya nyumba yenu hapo Mombasa huwasha tanuri saa nne usiku, watoto wanakohoa, na mwenyewe anakujibu kuwa ana leseni ya kaunti. Isikutishe hiyo. Leseni ya biashara si ruhusa ya kuchafua hewa.

Katiba ya 2010, Kifungu cha 42, inakupa haki ya mazingira safi. Kifungu cha 70 kinakuruhusu kwenda mahakamani bila kuthibitisha kwamba umeshadhurika. Wengi hawalijui hili, wanangoja hadi mtu alazwe.

Ila kwanza nunua daftari. Andika tarehe, saa moshi ulipoanza na ulipokoma, upepo ulikoelekea, nani aliugua. Piga picha ukiwa kwako, usiruke ua wa mtu. Kisha peleka barua NEMA, mamlaka ya kitaifa ya mazingira, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Malalamiko ya simu hupotea kama huo moshi wenyewe. Uliza pia kama kiwanda kilifanyiwa tathmini ya athari kwa mazingira, maana sheria ya mazingira ya 1999 inaidai.

Watu wa Owino Uhuru, hapo hapo Mombasa, walidhuriwa na madini ya risasi kutoka kiwanda cha betri kuukuu. Walishinda 2020, fidia shilingi bilioni 1.3, Mahakama ya Rufaa ikaitengua, Mahakama ya Juu ikairejesha Desemba 2024. Safari yenyewe ni ndefu, kwa hiyo barua hiyo itiwe sahihi na majirani kadhaa, si wewe peke yako.