Wa Kwanza Nyumbani Kwenda Chuo Kikuu

Kuanzia Juni mpaka Oktoba, barua nyingi zinazotufikia hutoka kwenye nyumba ambazo hakuna aliyewahi kusoma chuo kikuu. Mwezi huu tunajibu tano, zote za Tanzania. Wengi wa hawa wana ufaulu wa kutosha. Kinachowakwamisha ni namba ya simu, herufi moja ya jina, au muhuri, vitu ambavyo mwenye kaka aliyepita chuoni huambiwa mezani wakati wa chakula.

*Shikamooni. Nimemaliza Kidato cha Sita mwezi Mei, tahasusi ya PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia), nasubiri matokeo. Wazazi wangu ni wakulima wa pamba huku Igunga, na kaka zangu waliishia darasa la saba. Mwalimu aliyekuwa akituelekeza amehamishwa. Nianzie wapi?*

Marahaba, mdogo wetu. Usisubiri matokeo. Baraza la Mitihani, NECTA, huyatoa kwa kawaida mwezi Julai, na madirisha ya udahili na mkopo hufunguliwa karibu na wakati huohuo. Atakayeanza kutafuta cheti cha kuzaliwa siku hiyo atakuta foleni ndefu na siku zinahesabika.

Anza na laini ya simu. Iwe yako au ya mzazi unayekaa naye, na isibadilishwe mpaka utakapokuwa umesajiliwa chuoni. Fungua na barua pepe yako mwenyewe, kisha andika anwani na nywila kwenye daftari litakalobaki nyumbani. Tunasisitiza hili kwa sababu ukichaguliwa na vyuo viwili au zaidi, namba ya siri ya kuthibitisha chuo unachokitaka hutumwa kwenye simu na barua pepe zilizojazwa kwenye maombi. Kijana wa steshenari mwenye wateja kumi nyuma yako hujaza namba yake ili amalize haraka, na hana nia mbaya. Lakini Septemba ujumbe wako utaingia kwake, na huenda wakati huo laini hiyo ameshaitupa. Kaa pembeni yake, soma kioo mwenyewe mstari kwa mstari, ndipo abofye kutuma. Kama utaitwa Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), mwachie mtu wa nyumbani unayemwamini laini na daftari, maana kambini unaweza kukaa wiki nyingi bila simu.

Pili ni majina. Tandika mezani cheti cha kuzaliwa, cheti cha Kidato cha Nne na namba yako ya kitambulisho cha taifa (NIDA), ulinganishe herufi kwa herufi. Rehema na Rehma, Maganga na Magannga, jina la babu lililopo huku na kukosekana kule: mifumo huyaona kuwa ni watu wawili. Mfumo wa chuo huvuta jina na matokeo yako NECTA kwa kutumia namba ya mtihani, kwa hiyo jina la NECTA ndilo litakalokufuata. Karatasi nyingine zirekebishwe zilifuate hilo. Cheti cha kuzaliwa hushughulikiwa na RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, na huku wilayani ofisi yao iko kwa Mkuu wa Wilaya. Tofauti ndogo mara nyingi humalizwa kwa hati ya kiapo ya wakili. Uliza kwanza, usilipie kitu usichotakiwa.

Tatu, pakua mwongozo wa udahili kwenye tovuti ya Tume ya Vyuo Vikuu (TCU). Kuna wa Kidato cha Sita na kuna wa wenye stashahada. Chukua wa kwanza, na uwe wa mwaka huu. Tangu 2017 hutumi maombi TCU, unatuma moja kwa moja kwa kila chuo unachokitaka. Kila chuo kina akaunti yake na ada yake, na vingi hutoza shilingi 10,000 zinazolipwa kupitia simu kwa kontroo namba, yaani namba ya malipo unayopewa na mfumo. Vyuo viwili au vitatu vilivyochaguliwa kwa makini vinatosha.

*Nimepata C ya Biolojia, D ya Kemia na E ya Fizikia. Jirani yetu anasema pointi zangu ni 6, kwa hiyo naweza kuomba udaktari. Ni kweli? (Msomaji, Kahama)*

Hesabu ya jirani ni sahihi, lakini jibu lake si sahihi. A ni pointi 5, B 4, C 3, D 2, E 1, na S nusu. Zako zinafika 6, na 6 ndicho kiwango cha chini cha Shahada ya Udaktari wa Binadamu. Tatizo ni kwamba mwongozo unataka pia angalau D katika kila moja ya masomo hayo matatu, na E ya Fizikia inakutoa. Ukiijaza kozi hiyo kama chaguo la kwanza umepoteza nafasi bure.

Hapa ndipo wengi hujikwaa, kwa hiyo tuende polepole. Kwa kozi nyingi za shahada, sharti la jumla ni pointi 4 kutoka masomo mawili ambayo kozi yenyewe imeyataja. D mbili zinatosha. C na E zinatosha. D na E hazitoshi, hata kama somo la tatu una B, ikiwa B hiyo ni ya somo ambalo kozi haikulitaja. Kwa hiyo kwenye mwongozo usiishie kwenye jina la kozi. Soma safu ya masharti mpaka neno la mwisho, kisha uangalie safu ya idadi ya nafasi. Kozi yenye nafasi 50 inayotakiwa na nchi nzima haichukui wenye sifa za chini. Inachukua wa juu yao mpaka nafasi zijae.

Kwako wewe, tafuta kozi zinazojengwa juu ya Biolojia na Kemia, ambako una pointi 5: za kilimo na mazao pale chuo kikuu cha kilimo, SUA, Morogoro, au ualimu wa sayansi katika vyuo kadhaa. Panga chaguo la kwanza lile unalolitaka na unalotimiza masharti yake, na la mwisho liwe lenye nafasi nyingi ambalo ukilipata utalisoma kwa moyo. Usijaze kozi usiyoitaka kwa kuwa tu ndiyo ya mwisho kwenye orodha; kila mwaka kuna wanaopangiwa hiyohiyo.

*Mimi ni mama mjane, nipo Mbarali. Mwanangu anataka kuomba mkopo wa chuo. Naogopa wasije wakachukua shamba aliloacha marehemu. Na je, akishachaguliwa chuo, mkopo si unakuja wenyewe?*

Shikamoo mama, na pole kwa msiba. Shamba lako haliwekwi rehani. Mkopo wa Bodi ya Mikopo ni deni la mwanafunzi mwenyewe, na akiajiriwa mwajiri hukata asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi mpaka deni liishe. Fomu ina sehemu ya mdhamini. Anayedhamini asome anachokisaini.

Mkopo hauji wenyewe. Huombwa peke yake, kwenye mfumo wa Bodi, kwa ada ya shilingi 30,000 isiyorudishwa, na dirisha lake linaweza kufungwa kabla majibu ya vyuo hayajatoka. Kwa hiyo mwanao aombe vyote viwili sambamba, na namba ya mtihani wa Kidato cha Nne iwe ileile pande zote. Aliyerudia mtihani ana namba mbili; akitumia moja chuoni na nyingine Bodi, majina hayatakutana na fedha hazitapangwa.

Kwako wewe, karatasi ya kuanza nayo leo ni cheti cha kifo cha baba. Hicho na cheti cha kuzaliwa cha mtoto vyote lazima vihakikiwe na RITA (kwa aliyezaliwa Zanzibar ni wakala wa huko), kwa kuomba mtandaoni na kupakia nakala inayosomeka. Majibu huchukua siku, na msimu ukipamba moto huchukua zaidi. Bila uhakiki, uyatima wa mtoto hauhesabiwi katika kupima uhitaji wake, nao ni jambo zito upande wake. Kama kaya yenu iko TASAF, mpango wa kusaidia kaya maskini, tafuta namba ya kaya ijazwe pia.

Fomu ikishajazwa huchapwa, kisha kurasa za saini hutiwa saini na mwombaji, mdhamini, kiongozi wa kijiji au mtaa na wakili au hakimu, halafu hupakiwa tena. Fomu nyingi hurudishwa kwa sababu za kusikitisha: muhuri wa mwenyekiti umefifia hausomeki, picha imepigwa gizani, sehemu moja haina saini. Kabla hujatoka kwa mwenyekiti, igeuze karatasi kwenye mwanga uone kama jina la kijiji linasomeka.

*Nimechaguliwa vyuo viwili lakini sijapata namba ya siri. Namba niliyojaza ni ya mwenye kafe ya intaneti.*

Ingia kwenye akaunti yako ya chuo unachokitaka uombe utumiwe namba upya. Kama hata nywila anayo yeye, mfuate leo, na akikosekana piga simu ofisi ya udahili ya chuo ukiwa na namba zako za mtihani mkononi. Thibitisha chuo kimoja kabla ya tarehe ya mwisho.

*Nina stashahada yenye GPA (wastani wa alama) ya 2.8. Nimeambiwa shahada basi tena.*

Kuingia moja kwa moja kunahitaji 3.0, hivyo mwaka huu hapana. Lakini Chuo Kikuu Huria kina kozi ya msingi inayopokea wenye stashahada kuanzia GPA 2.0, ukiimaliza kwa wastani wa 3.0, na angalau C tatu kwenye masomo ya kundi lako, unaomba shahada. Wenye stashahada wanahitaji pia namba ya uhakiki wa tuzo, AVN, kutoka NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya ufundi. Iombe mapema, maana bila hiyo fomu ya chuo haiendelei.

Na kwa wote mtakaopata nafasi: fomu ya afya ijazwe na daktari kabla ya safari, vyeti halisi vibebwe mkononi badala ya kuwekwa kwenye sanduku la chini ya basi, na mtenge 50,400 za bima ya afya ya mwanafunzi. Bumu, yaani fedha ya kujikimu itokayo kwenye mkopo, halitoki siku ya kufika. Hutoka baada ya kusajiliwa na kuweka alama za vidole, kwa hiyo mzazi amwekee mtoto chakula na nauli za wiki tatu za mwanzo.