Binti Yangu Anatema Dodo

SWALI: Ninaishi Arua, na mtoto wangu wa kwanza ametimiza miezi saba. Tangu nilipoanza kumlisha mwezi uliopita, uji na viazi vitamu anakula bila shida, lakini nikimpa mboga ya dodo, yaani mchicha, iliyopondwa anakunja uso, anatetemeka mabega na kuitema yote kifuani. Mama mkwe ananishauri niichanganye na sukari, na jirani anasema nimbane pua ili ameze. Je, niachane na mboga mpaka akue?
Mama wa Arua

JIBU: Mama mpendwa, usiachane nazo, lakini tafadhali usimbane pua wala kumshika mikono. Mtoto anayelishwa kwa nguvu anaweza kupaliwa, na hata asipopaliwa ataanza kukiogopa kijiko chenyewe. Katika barua yako, hilo la pua ndilo lililonitia wasiwasi, si kule kukunja uso.

Mtoto huzaliwa akipenda utamu, na maziwa ya mama ni matamu, kwa hiyo uchungu wa majani humshtua. Tena ulimi wake umezoea kunyonya tu. Sasa ndio unajifunza kupeleka chakula nyuma, na mara nyingi tunachokiita kutema ni ulimi unaokisukuma mbele kwa mazoea yake ya zamani. Mtazame kwa makini: akitema kisha akafungua kinywa tena, hajakataa; akigeuza kichwa au akifumba midomo, basi mwache, umwonjeshe tena kesho. Mboga mpya inaweza kuhitaji kuonjwa mara 8, mara 10 au hata zaidi kabla mtoto hajaikubali, ilhali wengi wetu hukata tamaa siku ya tatu.

Mama mkwe anazungumza kwa huruma, na unaweza kumjibu kwa upole kwamba dodo yenye sukari humfundisha mtoto sukari, haimfundishi dodo. Chumvi nayo haihitajiki katika umri huu, na asali asipewe kabisa kabla ya kutimiza mwaka mmoja.

Sasa tuingie jikoni. Waganda wana chakula cha watoto kiitwacho kitobero, ambacho wahudumu wa kitengo cha lishe cha Mwanamugimu, katika Hospitali ya Mulago jijini Kampala, wamewafundisha akina mama kwa miaka mingi, nami sijaona njia nzuri kuliko hiyo. Chuma majani machanga ya dodo, kwa kuwa yaliyokomaa huwa machungu zaidi na yana nyuzi, uyaoshe vizuri na kuondoa vikonyo. Yafunge katika jani la mgomba lililobabuliwa motoni, pamoja na kiazi kitamu cha rangi ya chungwa na kijiko cha karanga zilizosagwa laini, zisizo na ukungu, kisha uweke furushi hilo juu ya chakula cha familia liive kwa mvuke. Likishaiva kabisa, ponda mpaka usione kipande cha jani, lakini usiongeze maji mengi. Chakula kinapaswa kukaa juu ya kijiko bila kumwagika. Mafuta ya karanga husaidia mwili kupokea vitamini A iliyomo katika kiazi na majani, na tone la limau husaidia madini ya chuma ya dodo kufyonzwa, madini ambayo akiba aliyozaliwa nayo mtoto hupungua sana anapofikisha miezi sita.

Kabla ya kumpa kitobero, mwonjeshe dodo peke yake, kiasi cha ncha ya kijiko, ili aijue ladha yake. Fanya hivyo wakati ana njaa kidogo, si akiwa analia kwa njaa wala akiwa ametoka kunyonya. Nawe ule dodo hiyohiyo mbele yake, maana anakutazama, na ladha ya chakula unachokula hupita hata katika maziwa yako. Endelea kumnyonyesha mpaka miaka miwili au zaidi.

Choo chake kikigeuka kijani baada ya mboga, huo si ugonjwa. Hata hivyo, akikataa vyakula vyote pamoja na ziwa, akitapika mara kwa mara, au uzito kwenye kadi yake ya kliniki usipopanda, mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo, usingoje tarehe ya chanjo.