Jibu: Simu USB-C, chaji USB-C, mbona inasuasua?

Salaam mkuu. Kama nimekuelewa, chaji iliyokuja na simu inajaza kwa saa moja, ila ya shemeji yako, nayo USB-C, inakula saa tatu.

Anza na tundu la chaji kwenye simu. Zima simu, mulika tochi, kwangua taratibu kwa kijiti cha meno cha mbao. Sindano usiguse kabisa. Langu lilitoa donge la nyuzi za mfuko wa suruali, gumu kama kizibo, ndipo waya ukaingia hadi mwisho.

Tundu likiwa safi, shida huenda ni kichwa cha chaji, kile cha kuchomeka ukutani, au waya wake. USB-C ni umbo la ncha ya waya na tundu tu, si kasi. Kampuni nyingine zina mfumo wao wa kasi, mfano SuperVOOC ya Oppo, unaotaka kichwa na waya wake. Ukichomeka kingine, simu inashuka kasi, ila haiharibiki. Soma maandishi madogo: ukikuta 5V 2A peke yake, hiyo ni wati 10 tu.

Ukinunua kipya, tafuta kilichoandikwa PD (Power Delivery), mfumo wa kasi wa USB-C unaotumiwa na kampuni nyingi. Hata iPhone, tangu 15 ya mwaka 2023, imeacha Lightning, tundu lake la zamani, ikahamia USB-C, kwa hiyo kimoja kizuri kinaweza kuhudumia nyumba nzima.

Tupia picha ya maandishi ya kichwa cha shemeji, pamoja na jina la simu yako, nikuangalizie.